Rimu za Toyota Wish: tusihesabu matundu tu

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Buswelu, Mwanza. Tuna Toyota Wish ya 2005, natumia na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda Sengerema. Rimu moja ya mbele ilipasuka baada ya kuingia shimo. Fundi aliichomelea, lakini tairi linapungua upepo kila baada ya siku mbili. Muuzaji mmoja hapa mjini ana rimu za inchi 17 zenye matundu kumi, anasema zinaingia gari lolote. Mwingine ana za inchi 16 zilizotoka kwenye Subaru. Fundi wetu anasema nichukue yoyote, yeye atainoa hadi iingie. Nimekutumia picha za nyuma ya rimu zetu na za hizo mbili. Zetu zimeandikwa 15x6J na 45, na tairi ni 195/65R15. Nichukue zipi? Na hii iliyochomelewa naweza kuendelea nayo kwa muda?

Jibu:

Marahaba dada yangu, na poleni kwa hilo shimo.

Hiyo rimu iliyochomelewa itoe leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Rimu nyingi za alumini hupata ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu. Moto wa kuchomelea unaondoa ule ugumu pembeni mwa weldi, na ufa wa pili huanza hapohapo, sehemu ambayo mwanzo ilikuwa nzima. Upepo ukipungua kila siku mbili, ama ule ufa haukuziba, ama mwingine umeshaanza. Funga spea. Ukikuta spea yenu ni ile nyembamba iliyoandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ifunge nyuma na tairi zima la nyuma lihamie mbele, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari lako, yanaliongoza na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Spea ya aina hiyo ni ya kuzungukia mjini kwa siku chache ukitafuta rimu. Sengerema msiende nayo.

Sasa rimu. Kwa picha ulizonitumia, za inchi 17 ziache. Za Subaru zinaweza kukufaa, ila kuna masharti ambayo muuzaji hajakuambia. Na chaguo langu la kwanza halimo kwenye hizo mbili: ni rimu ya inchi 15 yenye vipimo vilevile vya hizi ulizonazo. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, kwa sababu hutakuwa na mimi pale dukani, na muuzaji anayejua kuongea anaweza kukugeuza.

Watu wengi wanahesabu matundu na kuishia hapo. Ana tano, nami nina tano, tumeelewana. Lakini matundu yale yamepangwa kwenye duara, na upana wa duara hilo ndio unaoitwa PCD. Wish yako ni 5x100: matundu matano, duara la milimita 100. Noah ni 5x114.3, matundu matano vilevile, na rimu yake haikai kwako. Zile rimu za matundu kumi ni seti mbili za matundu matano kwenye rimu moja, ile uliyoonyeshwa, picha inaonyesha imeandikwa 100 na 114.3. Kwa hiyo muuzaji hajakudanganya kwamba itapita kwenye stadi zako, yaani zile bolti zinazoshika nati. Itapita. Aliposema gari lolote ndipo alipozidisha: IST za toleo la kwanza na Spacio zina matundu manne kwenye duara la 100, na Golf nyingi za 2004 na kuendelea ni 5x112, hazitaingia hata kwa maombi.

Ukitaka kupima mwenyewe, kwa rimu ya matundu manne weka rula katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo, jibu hilo ndilo PCD. Ya matundu matano haina tundu linalotazamana na lingine, kwa hiyo pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Kwako utapata karibu milimita 59, ambayo ukizidisha ni 100. Kwa Noah utapata kama 67. Kwa 5x112 ni kama 66, na hapo ndipo panaponitia wasiwasi, kwa sababu tofauti ya milimita moja na kitu haionekani kwa macho. Fundi mwenye nguvu anaikaza na inaonekana imekaa, kumbe kila nati inavutwa upande na stadi zinabeba mkazo ambao hazikutengenezewa.

Hilo la fundi kunoa, nakusihi lisifanyike. Akipanua matundu ya nati ili yafikie stadi, anaondoa ule mdomo ambao nati inapaswa kukalia. Ikikazwa leo, kesho imelegea. Simsemi vibaya fundi wako, anataka kukusaidia usiingie gharama. Lakini gurudumu linabeba familia, na kwenye kukaa kwa nati hakuna nafasi ya kubahatisha.

Tukija kwenye tundu la katikati ya rimu, hapa ndipo rimu za Subaru zinapodai sharti la kwanza. Katikati ya habu ya Wish, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, kuna sehemu iliyotokeza, na kipenyo chake ni milimita 54.1. Rimu yako ya asili inaikalia bila nafasi, ndiyo maana inajiweka katikati yenyewe kabla hujashika spana. Rimu ya Subaru ni 5x100 kama yako, ila tundu lake la katikati ni 56.1. Inabaki nafasi ya milimita moja kila upande. Zile za inchi 17 kwenye picha zimeandikwa 73.1, na nafasi iliyobaki ni zaidi ya milimita 9 kila upande. Dawa ni pete za katikati, za plastiki ngumu au alumini, zenye nje sawa na tundu la rimu na ndani 54.1. Hazina gharama ya kutisha. Bila hizo, rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikaa pembeni hata kidogo usukani utatetemeka ukifika mwendo wa 80 na kuendelea.

Na tatizo hilo hutaligundua mjini. Kutoka Buswelu hadi Nyakato na Mabatini mwendo ni wa foleni, gari litaonekana limetulia. Ukipita Usagara kuelekea Kigongo ndipo litaanza kucheza. Zamani kivuko kilikuwa kinakata safari katikati. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 mnakwenda moja kwa moja, kwa hiyo mtetemo huo mtakaa nao muda mrefu. Wengi wakifika hapo hurudi kufanya balansi mara ya pili na ya tatu, wanabadilisha hata vyuma vya usukani, wakati pete nne zingemaliza kazi.

Sharti la pili la rimu za Subaru ni nati, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyokuandikia. Stadi za Toyota yako zina unene wa milimita 12 na uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Subaru wana unene huohuo wa 12, lakini uzi wao ni 1.25. Muuzaji akikupa rimu pamoja na nati zake, nati ya Subaru itashika stadi yako mizunguko ya mwanzo kisha itakuwa nzito. Fundi atadhani ni kutu, ataweka mashine ya upepo, na uzi utaharibika humo ndani. Nati hiyo itaonekana imekaza kwa sababu imekwama, lakini haijabana rimu. Gurudumu linaweza kutoka barabarani kwa namna hiyo. Kanuni yangu gereji ni kwamba nati inaanzishwa kwa vidole, inazunguka kwa vidole hadi iguse rimu, ndipo spana inaruhusiwa. Ikikataa vidole, itolewe na uzi ukaguliwe.

Angalia pia umbo la sehemu ya nati inayogusa rimu. Nyingine ni za koni. Rimu za asili za Honda zinataka nati yenye uso wa duara kama gololi. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota zinataka nati ndefu yenye washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu la bapa inagusa ukingo mwembamba tu, na haitakaa. Tazama mdomo wa tundu la rimu unayonunua, halafu tazama nati: ziwe zinafanana. Kwa rimu za Subaru za kwenye picha unahitaji nati za koni, 12 kwa 1.5.

Kuna ile namba 45 uliyoisoma nyuma ya rimu yako. Mara nyingi inaandikwa ET45. Inaeleza uso wa rimu unaokalia habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu. Rimu za inchi 17 ulizoonyeshwa ni 17x7J ET35, yaani kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7. Ni pana zaidi kwa inchi moja na ET yake imepungua kwa 10, ukijumlisha ukingo wa nje unasogea nje karibu milimita 23. Hapo tairi linakutana na madigadi gari likijaa watu na kukanyaga tuta, usukani unakuwa mzito na kufuata mashimo, na beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa pembeni. Za Subaru ni 16x6.5J ET48. Nje zinasogea milimita 3, hakuna neno. Ndani zinaingia kama milimita 9, na hapa pana sharti la tatu: kabla hujalipa, zijaribishwe kwenye gari lako zikiwa na tairi, mbele na nyuma, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili. Kidole chako kipite kati ya tairi na shokapu bila kubanwa. Angalia na kalipa ya breki kwamba haigusi ndani ya rimu.

Utaambiwa kuna spesa, vile visahani vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu kusogeza gurudumu nje. Kwa gari la familia sizipendekezi. Spesa nyembamba inapunguza urefu wa stadi unaoshikwa na nati, na nene inaongeza nati nyingine ndani ambazo hakuna atakayezikagua. Kama rimu inahitaji spesa, basi si rimu ya gari lako.

Nimekuambia ziache za inchi 17 na hadi hapa sijakupa sababu kubwa kuliko zote, ambayo ni tairi. Wish ina viti saba. Tairi lako la 195/65R15 kwa kawaida lina namba 91 baada ya saizi, maana yake linabeba hadi kilo 615. Tairi la 215/45R17 la kawaida lina namba 87, yaani kilo 545. Pungufu ni kilo 70 kwa kila tairi, 280 kwa gari zima. Mkiwa sita ndani, na mkirudi na gunia la viazi vitamu na mananasi ya mama mkwe kwenye buti, mtakuwa mnaomba tairi libebe kuliko lilivyoandikwa. Yapo ya saizi hiyo yenye namba 91, yameandikwa XL, yaani ya mzigo zaidi, lakini yanataka upepo zaidi na bei yake huwa juu.

Na ubavu wa tairi. La kwako lina milimita 127 za mpira kati ya rimu na barabara. La inchi 16, yaani 205/55R16, lina 113. La inchi 17 lina 97. Huo mpira ndio godoro la rimu yako. Wewe umepasua rimu ukiwa na 127, dada yangu, je ukibaki na 97? Mji wetu umekaa juu ya miamba. Njia za mawe zinazopanda milima ya Mabatini na Bugarika, mitaro inayokatiza barabara bila alama, kingo za lami zilizoliwa na mvua za masika, vyote hivi vinataka ubavu mnene. Rimu kubwa zinapendeza, sikatai, na kijana asiye na mzigo anayezunguka Capri Point na Kenyatta Road anaweza kuishi nazo. Kwa matumizi uliyoniandikia, hapana.

Kwa urefu wa gurudumu zima, 205/55R16 hailipotoshi gari. La kwako lina kipenyo cha kama milimita 634, na hilo lina 632. Spidi mita itasoma sawa. Usikubali kupewa 205/60R16 kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani. Hiyo inafika 652, ni karibu asilimia 3 zaidi, na nafasi ya kugusana inaanza kuwa finyu.

Kwa hiyo, hatua zangu zingekuwa hizi. Kwanza ningetafuta rimu moja ya mtumba ya 15x6J, 5x100, ET45, tundu la katikati 54.1. Si lazima itoke kwenye Wish. Prius ya 2003 hadi 2009, Caldina, na Premio na Allion za 2001 hadi 2007 zinatumia 5x100 na tundu la 54.1, ila baadhi ya hizo zilikuja na rimu za inchi 14, hivyo soma maandishi ya nyuma, usimsikilize anayekuambia imetoka gari gani. Ikipatikana moja iliyo nzima, umemaliza kazi kwa gharama ndogo na matairi yako yanabaki. Ikiwa sura haifanani na nyingine, ifunge nyuma kama inakukera. Kiusalama haina tatizo mradi vipimo ni vilevile na tairi ni la saizi ileile.

Ya pili, nimewashauri wengi wanaokwenda vijijini mara kwa mara na hawajajuta: rimu nne za chuma za inchi 15 zenye vipimo hivyohivyo, na kofia juu yake. Chuma kikiingia shimo hupinda, mara chache hupasuka, na kilichopinda kidogo ukingoni fundi anaweza kukinyoosha bila kuchomelea. Ni nzito kidogo na hazina mvuto wa aloi. Lakini anayeendesha usiku na watoto wamelala kiti cha nyuma anajua thamani ya gurudumu ambalo haliishiwi upepo ghafla. Zingatia tu nati, kwa sababu chuma kinataka koni.

Za Subaru ziwe za tatu, kwa masharti niliyotaja, na ukijumlisha pete, nati 20 na matairi manne mapya, uone kama bado ni nafuu.

Mtumba wowote utakaochukua, usinunue ukiwa umevalishwa tairi. Mwambie muuzaji alitoe. Geuza rimu, tazama ukingo wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama, maana shimo hupiga huko zaidi. Rangi mpya kwa ndani wakati nje ni kuukuu ni ishara kwamba kuna weldi imefichwa. Pitisha kidole taratibu kwenye duara lote, mpasuko mwembamba unashikika kwenye kucha kabla haujaonekana. Kisha ipelekeni kwenye mashine ya balansi, izungushwe ikiwa tupu, na wewe simama pembeni utazame ukingo: ukicheza juu na chini au kulia na kushoto, irudishe. Tafuta pia alama za JWL na VIA zilizochapwa kwenye rimu za Japani. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za gari dogo, na VIA inaonyesha ukaguzi wa kiwango hicho. Rimu isiyo na alama yoyote, wala saizi, wala ET, mimi siifungi kwenye gari la mteja.

Siku ya kufunga, fundi asugue kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kwa sababu kipande kidogo cha kutu kinaifanya rimu ikae upande. Stadi zisipakwe grisi, zitakaza kupita kipimo. Nati zikazwe kwa kuruka, moja kisha ya mbali yake, gari likiwa bado juu ya jeki kidogo, na kumalizia kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwenye Nm 103 gari likiwa chini. Mashine ya upepo isitumike kumalizia. Kisha jazeni gari watu, pandeni kilima cha Bugando na kushuka mkikata kona, mkisikiliza kama kuna mpira unaosuguana.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena kwa spana hiyohiyo, gari likiwa limepoa. Safari moja ya Sengerema inatosha kwa hilo. Mkague asubuhi kabla ya kuanza kurudi. Na kabla hamjatoka nyumbani siku hiyo, chukua spana ya magurudumu iliyomo kwenye buti uijaribu kwenye nati mpya. Za Toyota kichwa chake ni 21, nati nyingi za dukani ni 19 au zina ufunguo wake maalumu, na pancha ya usiku kati ya Busisi na Sengerema si mahali pa kugundua kwamba spana haishiki. Jaribu pia kama nati hizohizo zinakaa kwenye spea. Zikikataa, bakiza tano za zamani ndani ya buti, kwenye mfuko pamoja na jeki.